Simu ya watu wote: habari za namba 2147483647

Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kukiandikia kikundi chetu cha kuweka na kukopa programu ndogo ya kutunza orodha ya wanachama, ili katibu aachane na daftari lililokuwa limeanza kuchanika kurasa. Kazi ilichukua majuma mawili. Siku ya tatu baada ya kuikabidhi, mhazini, mama mtu mzima ambaye hukagua kila hesabu mstari kwa mstari, akanipigia. "Mwanangu," akasema, "hivi hawa wanachama wapya wote wanatumia simu moja?" Nilidhani ananitania. Nilipofungua orodha nikakuta wanachama wa zamani wana namba zao kama kawaida, lakini kila aliyeandikishwa tangu juzi yake alikuwa na namba ileile: 2147483647.

Kosa lilikuwa langu. Safu ya simu nilikuwa nimeiandaa kama safu ya namba nzima ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya kuandikia 0 au 1). Namba za wanachama wa zamani ziliingizwa bila sifuri ya mwanzo, kwa hiyo zilibaki na tarakimu tisa, milioni mia saba na ushee, zikaenea bila taabu. Wanachama wapya waliandikwa kuanzia 255, ikawa tarakimu kumi na mbili, na namba kama hiyo ikisomwa kama kiasi ni zaidi ya bilioni 255, ambayo safu ile haikuweza kuibeba. Kanzidata tuliyokuwa tukiitumia, toleo la zamani, haikulalamika wala kukataa. Kila namba iliyozidi kipimo iliiondoa kimyakimya na mahali pake ikaweka namba kubwa kuliko zote ambazo safu iliweza kuzihifadhi. Nikaibadilisha safu iwe ya maandishi, kwa sababu namba ya simu hatuijumlishi wala hatuizidishi, kisha tukaingiza simu zote upya kutoka kwenye lile daftari lililochanika, ambalo namshukuru Mungu katibu hakuwa amelitupa.

Shida iliisha, lakini namba yenyewe haikunitoka. Kadiri nilivyoichunguza ndivyo nilivyoona kwamba ingestahili kujulikana hata kama kompyuta zisingekuwapo, na kwamba ilijulikana, tena ikaheshimiwa, kabla ya kompyuta ya kwanza kwa zaidi ya karne moja na nusu. Ndiyo maana naiandikia makala nzima.

Kuitamka tu kunataka pumzi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Wanahisabati hawahangaiki hivyo, huandika 2³¹ − 1, yaani ziandikwe mbili thelathini na moja, zizidishwe zote pamoja, kisha kitolewe kimoja. Njia nyingine ya kuifikia ni kuhesabu ukoo. Jiweke wewe, 1. Weka wazazi wako, 2. Babu na bibi wa pande zote mbili, 4. Waliowazaa hao, 8. Endelea kurudi nyuma hadi ufikishe ngazi 31, ukijihesabu wewe kuwa ngazi ya kwanza. Jumla ya nafasi zote katika mti huo ni 2147483647 kamili. (Nasema nafasi, si watu, kwa sababu ukienda nyuma kiasi hicho mababu wale wale hutokea katika nafasi nyingi, na hilo kila mtu wa kijijini analijua bila kufundishwa hisabati.)

Ndani ya kompyuta, ambako kila kiasi huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, namba yetu ni moja thelathini na moja zilizopangwa mfululizo bila sifuri hata moja kati yake. Ni sawa na 999 katika hesabu za kawaida: kila nafasi imejaa hadi mwisho wake. Biti ya thelathini na mbili hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, kwa hiyo haipo kwa ajili ya kuhesabia. Ukiongeza 1 juu ya 999, tisa zote huanguka kuwa sifuri na moja hupanda nafasi ya mbele. Hapa pia moja zote 31 huanguka, na ile inayopanda hukalia nafasi ya alama, na kompyuta ikiisoma huikuta ni −2147483648. Mtu aliyekuwa na shilingi bilioni mbili na ushee anajikuta, kwa kuongezewa shilingi moja, anadaiwa bilioni mbili na ushee.

Mfano huo wa fedha si wa kubuni sana. Anayehesabu kwa dola anaweza kuishi maisha yake yote asifike kwenye kikomo hiki, lakini shilingi yetu ya Tanzania hufika mapema, kwani bilioni mbili ni mauzo ambayo biashara nyingi za mjini huyapita. Na kama mwandishi wa programu ameamua kuhesabu kwa senti, kama wengi wanavyofundishwa ili kuepuka desimali, kikomo kinashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47, fedha ambazo mtu hununulia gari dogo lililokwisha kutumika. Kwa maoni yangu masomo ya programu yanayotolewa kwa Kiswahili yangeanza na jambo hili, si kulitaja mwishoni kama udadisi.

Kuna na habari ya saa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu kuanza kwa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa. Sekunde 2147483647 ni siku 24,855, saa tatu, dakika 14 na sekunde 7. Zikihesabiwa kwenye kalenda, zinaishia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, ambapo kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa asubuhi, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, chombo chochote kitakachokuwa bado kinatunza wakati kwa biti 32 zenye alama kitasoma namba hasi, nacho kitaamini kwamba ni Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, karibu na saa sita kasorobo usiku. Mifumo mipya imehamia biti 64. Vyombo vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine na kusahaulika ndivyo vinavyotia wasiwasi.

Hizo zote ni habari za vyombo. Sasa niingie kwenye namba yenyewe, maana 2147483647 ni namba tasa: haigawanyiki bila baki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Jambo hili halikupangwa na waliounda kompyuta. Wao walichagua biti 32 kwa sababu 32 ni 8 mara nne, basi. Kwamba kikomo chao kikawa namba tasa ni sadfa, tena sadfa ambayo sababu yake inaonekana kwa macho.

Tazama kikomo cha biti 16, ambacho ni moja kumi na tano mfululizo, 32767. Moja kumi na tano zinaweza kugawanywa katika mafungu ya tatutatu: 111 111 111 111 111. Fungu moja la 111 ni 7, na namba nzima ni fungu hilo likirudiwa mara tano, kwa hiyo lazima igawanyike kwa 7. Ndivyo ilivyo pia kwa 999999 katika hesabu zetu za kawaida, ambayo ni 99 ikirudiwa mara tatu, na hivyo ni 99 mara 10101. Moja kumi na tano zinaweza vilevile kufungwa tanotano, na 11111 ni 31, kwa hiyo 31 nayo ni kigawo. Kweli ukigawanya utapata 32767 = 7 × 31 × 151. Lakini moja thelathini na moja hazifungiki katika mafungu yaliyo sawa, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa. Mlango huo umefungwa.

Kufungwa kwa mlango huo, hata hivyo, hakutoshi. 11 ni tasa, lakini moja kumi na moja mfululizo ni 2047, nayo ni 23 × 89. Hapo ndipo watu wengi walipojikwaa. Pietro Cataldi wa Bologna, ambaye mwaka 1588 alikuwa amekwisha kuonyesha kwa kugawanya kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, alidai baadaye kwamba vipeo (yaani idadi ya mbili zinazozidishwa) 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Fermat alionyesha kuwa 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Mwaka 1738 mwanahisabati Mswisi Euler akaiangusha 2²⁹ − 1, ambayo ni 233 × 1103 × 2089. Kati ya madai manne ya Cataldi likabaki moja tu, la kipeo 31. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye namba za aina hii hadi leo huitwa kwa jina lake, aliiweka 31 katika orodha yake ya mwaka 1644, lakini orodha hiyo ilikuwa na makosa matano, kwa hiyo kuwemo ndani yake hakukuwa ushahidi wa lolote.

Uthibitisho ulitoka kwa Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, katika barua yake ya mwaka 1772 kwa mwanahisabati mwenzake Johann III Bernoulli, wakati ambapo Euler alikuwa amepoteza karibu uwezo wake wote wa kuona. Nataka kukaa kidogo kwenye njia aliyotumia, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende namba hii.

Mtu asiye na maarifa yoyote angeanza kugawanya kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea. Angeweza kuishia kwenye kipeuo cha pili, ambacho kiko kati ya 46,340 na 46,341, kwa sababu namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Hata hivyo namba tasa zilizo chini ya hapo ni maelfu. Euler alichuja.

Chujio la kwanza ni hili. Tuseme kuna namba tasa, tuiite q, inayogawanya 2³¹ − 1. Anza na 1, zidisha kwa 2 tena na tena, na kila mara ukizidi q bakisha baki tu. Kwa kuwa q inagawanya 2³¹ − 1, baada ya hatua 31 utakuwa umerudi kwenye 1. Huwezi kuwa na mzunguko mfupi zaidi unaojirudia hadi kutimiza 31, kwa sababu 31 ni tasa. Lakini Fermat alikwisha kuonyesha kwamba kwa namba tasa yoyote ya witiri, hatua q − 1 nazo hukurudisha kwenye 1. Basi mzunguko wa hatua 31 lazima uingie mara kamili ndani ya q − 1. Jaribu kwa kitu kidogo uone: kwa 7, unaanza 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8 ambayo ni baki 1, hatua tatu, na 3 inaingia katika 6 mara mbili. Kwa q yetu, q − 1 inagawanyika kwa 31, na kwa kuwa q ni witiri, inagawanyika pia kwa 2. Hivyo q lazima izidi kigawe cha 62 kwa 1.

Chujio la pili ni la kijanja zaidi. 65536 ikizidishwa kwa yenyewe ni 4294967296, nayo ni 2147483647 mara mbili, ikibaki 2. Kwa hiyo yeyote anayegawanya namba yetu bila baki ataona kwamba 65536 kwa kipeo cha pili inamwachia baki sawa na 2. Ni namba tasa za aina maalumu tu ambazo zina mraba unaobakiza 2: 7 ni mojawapo, kwani 9 ikigawanywa kwa 7 hubaki 2, 17 ni nyingine, kwani 36 hubaki 2. Zote za aina hiyo, zikigawanywa kwa 8, hubakiza 1 au 7. Ukiunganisha machujio mawili, q inabanwa mahali pembamba kabisa: lazima, ikigawanywa kwa 248, ibakize 1 au 63. Namba za aina hiyo chini ya 46,341, ukiiacha 63 yenyewe, ni 372 tu, na nyingi kati ya hizo nazo zinaanguka mara moja kwa kuwa si tasa. 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13, 745 kwa 5. Kazi iliyoonekana kuwa ya maelfu ya migawanyo ikawa kazi ambayo mtu mmoja mwenye subira, akiwa na msaidizi wa kumwandikia, anaweza kuimaliza. Hakuna hata moja iliyogawanya bila baki.

Kwa miongo mingi hakuna namba tasa kubwa zaidi ya hii iliyojulikana na binadamu. Miongoni mwa walioipita ni Mfaransa Fortuné Landry, mwaka 1867, kwa 3203431780337, ambayo aliipata kwa kuivunja 2⁵⁹ − 1.

Baada ya hapo Édouard Lucas, na baadaye Derrick Lehmer, walileta kipimo ambacho kinawafanya watu wa leo wasihitaji kugawanya kabisa. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, bakisha baki la namba unayoipima, na urudie hivyo mara nyingi kama kipeo kilivyo, ukitoa 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Usipoishia kwenye sifuri, si tasa. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, unarudia mara tatu: 4 inakuwa 14, 14 inakuwa 194, ambayo baki lake ni 8, 8 inakuwa 62, ambayo ni 31 mara mbili, baki sifuri. Imekwisha. Kwa 2147483647 unarudia mara 29, na kompyuta ya leo hufanya hivyo kabla hujainua kidole kwenye kibonyezo. Kipimo hichohicho ndicho kilichothibitisha 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320.

Namba yetu ina mtoto wa heshima. Wagiriki wa kale waliita timilifu kila namba ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya aina ya 2 kwa kipeo fulani kutoa 1 huzaa namba timilifu, nawe unaipata kwa kuizidisha namba tasa hiyo kwa 2 yenye kipeo kilekile kilichopunguzwa kimoja. Euler baadaye alithibitisha kwamba timilifu zote za shufwa hupatikana kwa njia hiyo na si nyingine. Kutokana na 2147483647 tunapata 2305843008139952128, timilifu ya nane. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa milele, kwa sababu namba hizi ni za udadisi tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Leo zinajulikana 52. Barlow alijua hisabati vizuri, lakini binadamu hakuwajua.

Jambo lingine ambalo sijachoka kulitazama ni kwamba kipeo chenyewe, 31, ni namba ya aina ileile: 2⁵ − 1. Kwa hiyo 2147483647 ni namba iliyojengwa juu ya ndugu yake. Ukichukua 3 ukaiweka kuwa kipeo unapata 7, tasa. Ukiweka 7 unapata 127, tasa. Ukiweka 31 unapata yetu, tasa. Ukiweka 127 unapata namba yenye tarakimu 39, ambayo Lucas aliithibitisha mwaka 1876, nayo ni tasa. Mtu akifika hapa hushawishika kuamini kwamba mlolongo hauna mwisho, lakini inayofuata, iliyojengwa juu ya 8191, si tasa, na hadi leo haijapatikana ya tano. Hata ukiiweka 2147483647 yenyewe kuwa kipeo, ile namba kubwa mno inayotokea, yenye tarakimu zaidi ya milioni mia sita, si tasa, maana inagawanyika kwa 295257526626031. Ukitaka kuhakikisha kwamba kigawo hicho kinafuata chujio la kwanza la Euler, toa 1 na ugawanye kwa mara mbili ya namba yetu: utapata 68,745 bila baki.

Faida, ambayo Barlow hakuiona, ilikuja kwa namna isiyotarajiwa. Programu za michezo, za uchaguzi wa sampuli na za kuigiza foleni huhitaji namba zinazoonekana kama zimetoka kwenye kura, na njia moja iliyotumika sana tangu miaka ya 1960 mwishoni ni hii: anza na namba yoyote kuanzia 1 hadi 2147483646, izidishe kwa 16807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha tano, kisha bakisha baki la 2147483647, urudie. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, kisha 984943658. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa na 16807 imechaguliwa vizuri, mfuatano huo hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ulikoanzia.

Tena kupata baki lake ni rahisi kuliko kugawanya. Wengi wetu tulifundishwa kwamba baki la 9 hupatikana kwa kujumlisha tarakimu, kwa sababu 10 inazidi 9 kwa kimoja. Hapa pia 2³¹ inazidi namba yetu kwa kimoja, kwa hiyo unakata namba vipande viwili na kuvijumlisha. Chukua 282475249 mara 16807, ambayo ni 4747561509943. Ndani yake 2147483648 inaingia mara 2210, na kunabaki 1622647863. Jumlisha vipande hivyo viwili, 2210 na 1622647863, nawe una 1622650073, ileile niliyoitaja hapo juu. Kwa kompyuta, kukata vipande kwa 2³¹ ni kusogeza biti tu.

Mwezi Desemba 2014 mtandao wa YouTube ulieleza kwamba ulikuwa umeongeza ukubwa wa kihesabio chake cha watazamaji hadi biti 64, kwa sababu video moja ya muziki kutoka Korea Kusini ilikuwa imetazamwa mara nyingi kupita 2147483647. Kikomo kipya ni 9223372036854775807. Ni kikubwa kupita kiasi, lakini kihisabati hakina heshima ya yule aliyetangulia: moja 63 zinafungika tatutatu, kwa hiyo 7 inaigawanya, tena mara mbili, na vigawo vingine ni 73, 127, 337, 92737 na 649657. Nilipoibadilisha safu ile ya simu, kumbe ningeweza kuipanua tu iwe ya biti 64 na simu zote zingeenea. Nafurahi kwamba sikufanya hivyo.

Siku hizi, umeme ukikatika jioni, huwa nawasha taa ya betri na kuendelea na orodha ya Euler kwa kalamu na daftari, bila kikokotoo. Ya kwanza iliyo tasa katika orodha ni 311: inaingia mara 6,905,092 na kubakiza 35. Kisha 1303, inabakiza 226. Kisha 1489, inabakiza 199. Kati ya hiyo na 2543 kuna nane ambazo zote huanguka zenyewe, ikiwemo 2047 yetu ya 23 × 89. 2543 inabakiza 1523. Juma lililopita nilimaliza 2729, ikabakiza 799, baada ya kukosea mara mbili kwenye kuchukua. Umeme ukikatika tena, inayofuata ni 2791.